Mume wa Viza

"Zaitun, mimi nikiandika kwamba nafasi yako itakusubiri miezi sita, nitakuwa mwongo," alisema Bwana Castory, mkuu wa utawala, huku akipangusa vumbi kwenye simu iliyokatwa tangu mwaka jana. "Hata yangu sijui kama itanisubiri mpaka Ijumaa."

Ulikuwa mwaka ule wa serikali kupunguza watu. Kila ofisi ya Dodoma ilikuwa na ubao wa matangazo, na mbele ya kila ubao kulikuwa na watu wazima wanaojifanya wanapita tu. Zaitun Abbasi alikuwa mpiga taipu katika idara iliyofanya kazi na mradi wa maji. Barua nyingi za kuwapunguza wenzake alizipiga yeye, bila kukosea herufi. Sasa wafadhili wa mradi walikuwa wamempatia kozi ya miezi sita Uingereza, ukatibu na kompyuta. Ada imelipwa, tiketi imelipwa, chumba kimelipwa. Imebaki viza.

Kwenye viza ndipo pagumu. Alishakwenda ubalozini, Dar, mara moja. Mzungu wa dirishani hakuwa mkali hata kidogo, alimwuliza kwa upole, "Tutajuaje kwamba kozi ikiisha utarudi?"

"Nitarudi," alijibu Zaitun.

"Ndiyo. Lakini tutajuaje?"

"Nitarudi," alirudia, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, kama anaongea na mtu mwenye masikio mazito.

Akapewa tarehe nyingine, na maelekezo ya kuleta barua ya kazi, hati ya mali, na uthibitisho wa familia. Barua ya kazi ndiyo hiyo imeshindikana. Zaitun alitoka ofisini kwa Bwana Castory akatembea mpaka kwao Chang'ombe kwa mguu, haraka haraka kama anayefukuzwa, na kumbe nyumbani hakuna anayemsubiri na jibu.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na baba, Mzee Abbasi, dereva wa serikali aliyepunguzwa mwaka mmoja nyuma na ambaye bado kila asubuhi alivaa suruali ya kaki na kukaa kibarazani kana kwamba gari litapita kumchukua. Kulikuwa na mama, Bi Amina, aliyekaanga karanga na kuzifunga kwenye vipande vya magazeti. Na kwenye chumba cha uani kulikuwa na mpangaji, Optatus, karani wa Bunge, ambaye alishanyimwa viza mara mbili. Kwa hiyo mtaa mzima ulimheshimu kama mtaalamu wa viza.

"Mali," alisema Optatus, akijihudumia karanga za Bi Amina bila kuulizwa. "Mzee, nyumba hii si ya kwako?"

"Ya urithi," alisema Mzee Abbasi. "Tuko ndugu saba. Kila mmoja ana chumba chake humu, japo hajawahi kulala."

"Basi mali hamna. Tuje familia. Binti hana mume, hana mtoto, kazi inayumba. Mimi ningekuwa mzungu nisingempa hata maji ya kunywa."

"Wewe walikunyimia nini?" aliuliza Bi Amina.

"Mara ya kwanza nilikuwa sina mke."

"Na mara ya pili?"

"Nilijaza wawili. Nilidhani inaongeza nguvu."

Zaitun hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni anazungusha kitasa, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mama yake akamwambia akivunja atakinunua.

"Hao watu wanataka kitu cha kukushika huku," Optatus aliendelea. "Mchumba. Mchumba tu anatosha. Mnatafuta kijana, mnakaa mkekani, mnaleta mpiga picha, mnapiga picha ya posa. Mzungu hasomi Kiswahili, anasoma picha. Ukirudi na cheti chako cha Kizungu, kila mtu anashika njia yake."

"Mchumba wa uongo?" Mzee Abbasi aliuliza, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, si ya mtu anayekataa.

"Mchumba wa muda, mzee. Siku hizi kila kitu ni cha muda. Hata sisi Bungeni ni vibarua."

Jina la Hashimu lilitajwa na Bi Amina. Hashimu alikuwa Mrangi kama wao, watu wa Kondoa, muuza mitumba wa soko la Majengo. Kijana mwenye mdomo. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia koti la baridi mwezi wa kumi na moja, jua linawaka, ukaondoka unamshukuru. Blauzi tatu za Zaitun za kuvaa kazini zilitoka kwenye meza yake, na kila moja aliambiwa ilivaliwa na binti wa mfalme.

Zaitun alipokwenda kumweleza, Hashimu hakumwacha amalize.

"Niwe mchumba wako? Kwa picha tu? Dada, mimi nimeuza soksi moja moja. Hilo litanishinda?"

*

Jumamosi walitandika mkeka sebuleni. Mpiga picha alikuwa William, mwenye studio karibu na stendi, na alidai alipwe kabla hajafungua mfuko wa kamera. Ili sebule isionekane tupu waliazima wazee wawili wa msikitini, wakaambiwa ni shughuli ndogo ya posa, kuna pilau. Hashimu alikuja na kanzu nyeupe inayombana kwapani, na baraghashia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuambiwa kitu. Shangazi Joha, dada yake Mzee Abbasi, alikuwa ameingia juzi yake kutoka Kondoa kutibiwa macho. Walikubaliana wasimwambie, kwa sababu Shangazi Joha akijua jambo saa nne, saa sita linajulikana mpaka Kolo, kijijini kwao. Wakamweka jikoni na sufuria.

William alipiga picha ya kwanza, akatikisa kichwa.

"Samahani wazee wangu. Hii inaonekana kama mnauziana kabati."

"Sasa unataka tufanyeje?" aliuliza Mzee Abbasi.

"Changamkeni. Shikaneni mikono basi. Midomo icheze, kama kuna jambo linasemwa."

Optatus, aliyesimama nyuma ya William kama meneja wake, akadakia, "Ndiyo! Ile ya ndoa yenyewe. Mchumba ni mwepesi. Mpeni mzungu ndoa kamili."

Mzee Abbasi alikuwa hajachekwa wala hajacheka kwa muda mrefu. Tangu apunguzwe, hakuna aliyemwita sebuleni kwa jambo lolote. Sasa watu wote wanamtazama yeye, na kamera inamtazama. Akamshika Hashimu mkono wa kulia, dole gumba kwa dole gumba kama inavyoshikwa siku ya ndoa, akakohoa, akasema kwa sauti ya redio:

"Hashimu bin Salum, nimekuoza binti yangu Zaitun kwa mahari ya..." Akamgeukia Hashimu. "Shilingi ngapi wewe, mlalahoi?"

"Shilingi za nini, baba? Andika ng'ombe hamsini!"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. "Kwa mahari ya ng'ombe hamsini!" alipaza sauti Mzee Abbasi, machozi yanamtoka.

"Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo!" alijibu Hashimu, akapiga na kifua.

William akapiga picha. Ilitoka nzuri kuliko zote, midomo wazi, meno nje, na nyuma kabisa, kwenye pazia la mlango, Zaitun ameinama anacheka mpaka ameshika tumbo. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka ubalozini alikuwa ametulia.

Shangazi Joha alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Haoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Mmeoza," alisema.

"Hapana dada, tunatania," alisema Mzee Abbasi. "Ni ya picha."

"Abbasi. Wewe si baba yake? Huyu si kajibu? Hawa wawili si Waislamu wamekaa hapa wanasikia? Mmeoza."

Wazee wawili wa kuazimwa wakatazamana. Mmoja akashusha kijiko cha pilau polepole, kama kimekuwa kizito. "Ni kweli," alisema. "Hili halina mzaha hili."

*

Wakaenda kwa Shehe wa mtaa kesho yake baada ya swala ya adhuhuri, msafara mzima, Mzee Abbasi mbele, Optatus nyuma japo hakualikwa na wala si wa msikiti. Shehe aliwasikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kuna mambo matatu," alisema, "ukiyafanya kwa dhati ni dhati, na ukiyafanya kwa mzaha ni dhati. Kuoa ni mojawapo. Kuacha ni la pili. Hili mlisomeshwa chuoni na viboko juu, nashangaa limewatokaje."

"Na ng'ombe hamsini?" aliuliza Hashimu. Sauti ilikuwa imekonda.

"Uliwataja wewe?"

"Niliwataja, Shehe, lakini..."

"Basi ni mahari."

Kisha Shehe akamgeukia Zaitun, aliyekaa karibu na mlango na Bi Amina. "Binti, wakati baba yako anasema yale, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Mlangoni."

"Ulikataa?"

"Alicheka!" alisema Shangazi Joha. "Nilimsikia."

"Mimi namuuliza yeye. Ulicheka kicheko cha dhihaka, au cha kuridhika?"

Watu wote wakageuka mlangoni. Zaitun aliona njia mbili mbele yake. Akisema dhihaka, huenda ndoa ikafutwa hapo hapo, na abaki na picha ya uongo ya kumpelekea mzungu, siku ya kwenda imekaribia. Akisema kuridhika, ana mume. Aliuma ndani ya shavu. Miguu ilikuwa inamwasha, anataka kusimama, anataka kutoka.

"Nilicheka tu, Shehe," alisema.

Shehe alisubiri kidogo, akaona hakuna nyongeza. Bikira akinyamaza huhesabiwa ameridhika, na huyu hata hakunyamaza. Akafungua kabati akatoa kitabu cha vyeti.

Optatus alimnong'oneza Mzee Abbasi, "Mzee, cheti kabisa! Picha sasa ni ya nini?"

*

Jumatatu mama yake Hashimu, Bi Tabu, alifika Chang'ombe amejifunga kanga mbili kiunoni. Hakubisha hodi, alianza kusema tangu barabarani.

"Ng'ombe hamsini! Hashimu hana hata kuku! Mimi hapa nafuga kuku wanne, na mmoja ana ugonjwa!"

"Karibu ukae, shemeji," alisema Mzee Abbasi.

"Sikai! Tangu lini mimi shemeji yako? Mmemwita mwanangu kumsaidia binti yenu, mkamfunga mahari ya mtoto wa sultani."

"Hakufungwa. Alitaja mwenyewe kwa kinywa chake."

Na hapo Mzee Abbasi alifanya kitu ambacho kilimfanya mkewe aangalie pembeni. Alikuwa ameshakwenda asubuhi ile kwa mtu mmoja mwenye eneo njia ya Kongwa, kuuliza habari za malisho. Sasa akaeleza, kwa utaratibu kabisa, kwamba hana haraka. Ng'ombe wanaweza kuletwa kidogo kidogo. Hata wakianza na watano. Dereva aliyefukuzwa na karatasi ya mistari mitatu alikuwa tayari anawaona wakirudi jioni na vumbi lao, na yeye ana fimbo.

"Na akimwacha kabla hawajakaa pamoja," aliongeza, "ni nusu. Nimemuuliza Shehe. Ishirini na watano."

"Baba Zaitun," alisema Bi Amina, bado anakaanga. "Mahari ni ya mtoto. Si ya kwako. Hilo hukumuuliza Shehe?"

Mzee Abbasi akapangusa suruali yake ya kaki. Bi Tabu ndipo akakaa.

"Sawa," alisema, sasa kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya zaidi. "Kama ni mke, ni mke. Mke wa mwanangu haendi Ulaya miezi sita kulala vyumba asivyovijua. Aje nyumbani apike. Na cheti mkimpelekea huyo mzungu, nami nitamfuata huko huko, nimwambie mumewe hajamruhusu."

Zaitun alikuwa dirishani, anasikia yote. Alivaa viatu akatokea mlango wa uani.

*

Soko la Majengo siku hiyo lilikuwa limefunguliwa marobota mapya, na Hashimu alikuwa amesimama juu ya meza, anapiga kelele za bei. Lakini hakuna aliyecheka. Mdomo ulikuwa unafanya kazi peke yake. Alipomwona Zaitun alishuka.

"Karibu, mke wangu," alisema, akajisikia vibaya. "Samahani. Limenitoka."

"Mama yako yuko kwetu."

"Najua. Alianza kujifunga kanga tangu alfajiri." Akachukua sweta, akalikunja, akalikunjua. "Watu wa soko wananiita Ng'ombe Hamsini. Hata watoto. Jana mtu amekuja kuniuzia dawa ya kupe."

Zaitun alitaka kucheka akajizuia. Kicheko kilishamponza.

"Hashimu, nisikilize. Mimi ng'ombe sitaki. Nitakusamehe wote mbele ya Shehe kabla hatujaondoka, asibaki hata mkia. Wewe twende wote Dar. Uingie na mimi, useme wewe ni mume wangu na umeniruhusu. Hutakuwa umesema uongo, ni kweli. Nikipata viza, tukitoka nje ya geti, uniache."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Hatujakaa pamoja, hata eda ya kusubiri sina. Unarudi huku huna mke wala deni."

Hashimu akalikunja tena sweta. Mama mmoja akauliza bei ya suruali ya mtoto, hakujibiwa, akaondoka anasonya.

"Mimi sijaulizwa kitu kwenye mpango huu," alisema mwishowe.

"Na mimi nani aliniuliza?"

"Mimi nilikuomba kwa baba yako. Mbele ya watu. Na kanzu ya kuazima." Alijaribu kuileta kama utani, haikuja. "Zaitun, tukiacha mambo ya ng'ombe. Ningekuja kweli kweli, na kilo mbili za sukari na barua, ungesemaje?"

"Kabla ya kozi au baada?"

"Kabla."

"Ningekwambia ngoja nirudi."

"Na mama angekwambia nini?"

"Kile kile anachosema sasa hivi kwetu."

Hashimu akacheka kidogo kwa pua, akarusha sweta kwenye rundo. "Haya. Nje ya geti. Mama nitamwambia naenda Dar kufuata robota."

*

Ubalozini waliambiwa wakae kwenye viti vya plastiki. Zaitun hakukaa. Alisoma matangazo yote ya ukutani, akayarudia. Hashimu alikaa na bahasha magotini, amevaa suti ya kijivu aliyoichagua mwenyewe robotani, mikono ya koti mirefu kidogo.

Walipoitwa mezani, mzungu alikuwa yule yule, na pembeni yake dada wa Kitanzania wa kutafsiri, beji imeandikwa Lydia. Mzungu aliangalia cheti. Akaangalia picha, akatabasamu bila kutaka, maana picha ile ilikuwa inaambukiza.

"Harusi ilikuwa na furaha," alisema.

"Sana," alisema Zaitun.

"Mlioana juzi tu. Baada ya kuja hapa mara ya kwanza."

"Ndiyo."

Mzungu akamgeukia Hashimu. Dada Lydia akatafsiri: "Anauliza, unakubali mkeo aende miezi sita?"

"Nakubali."

"Anauliza, huogopi kwamba hatarudi?"

Zaitun alimkanyaga mguu chini ya meza. Hashimu aliuondoa mguu.

"Naogopa," alisema.

Dada Lydia alisita, akamtazama kama anampa nafasi ya kubadilisha. Hakubadilisha. Akatafsiri. Mzungu aliweka kalamu chini.

"Sasa kwa nini unamruhusu?"

"Mwambie mimi nauza mitumba," alisema Hashimu. "Mwaka juzi nilipata viatu vya kike robotani, vipya kabisa, ngozi laini. Nikaona hivi siuzi, nampa mama. Mama akaviona vizuri mno, akavifungia sandukuni visipate vumbi. Tumekuja kuvitoa sikukuu, panya wameshakula. Hajavivaa hata siku moja. Sasa mimi huyu sitaki kumfungia."

Dada Lydia alitafsiri polepole, na kwenye panya sauti yake ilipotea kidogo. Mzungu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema warudi saa tisa.

Saa tisa pasipoti ilitoka dirishani. Zaitun aliifungua amesimama, akapindua kurasa nne tupu mpaka akaipata. Mwanafunzi. Miezi sita. Aliifunga, akaifungua tena, akaifunga.

*

Nje ya geti, hatua chache, mama mmoja alikuwa anauza soda kwenye ndoo ya barafu chini ya mwavuli. Hashimu akaagiza mbili. Walikaa kwenye benchi lake. Jasho la Dar lilikuwa linamshuka Hashimu ndani ya suti ya nchi za baridi, lakini hakuvua koti.

"Hongera," alisema.

"Ahsante."

"Ile ya panya ilikuwa ya kweli, lakini. Usidhani nilitunga."

"Najua. Mama yako aliwahi kumsimulia mama."

Magari yalipita. Zaitun alikuwa amemaliza soda yake kwa mafunda manne. Ya Hashimu ilikuwa haipungui. Alikuwa anaizungusha chupa, anasoma maandishi yake kama mtu aliyepewa kitabu.

"Basi la jioni linaondoka Kisutu," alisema Zaitun.

"Nalijua."

"Hashimu."

"Ngoja nimalize soda. Hata jambazi anaachwa amalize soda."

Alimaliza. Akaweka chupa chini, akaifuta midomo kwa mkono mrefu wa koti, akasimama, kwa sababu aliona si jambo la kusemwa umekaa. Safari hii hakupaza sauti ya redio.

"Zaitun binti Abbasi, nimekuacha."

Yalikuwa maneno machache. Zaitun alikuwa ameyasubiri njia nzima kutoka Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, alikuwa ameyaomba mwenyewe. Yalipofika aligundua kwamba ameshika pasipoti kwa mikono yote miwili kifuani, kama mtu anayezuia upepo.

"Umesemaje wewe?" aliuliza muuza soda.

Walikuwa wamemsahau.

"Nakuuliza, wewe mwenye suti! Umemwacha mke kwenye benchi langu?" Mama alishainuka. "Mchana huu? Na soda mnakunywa? Jamani njooni muone mwanamume!"

"Mama, si hivyo," alianza Zaitun.

"Nyamaza mwanangu, usimtetee. Nawajua hawa. Kamleta mtoto wa watu toka bara, kamfikisha mjini, kamwacha. Angalia alivyo, kachanganyikiwa hata kulia hawezi!"

Watu wawili watatu walisimama. Mlinzi wa geti akasogea. Mmoja akasema suti yenyewe imemzidi, na wengine wakacheka. Zaitun alimtazama Hashimu, akangoja aseme kitu. Mtu aliyeweza kuuza koti la baridi mwezi wa kumi na moja, hapa angeweza kuwageuza wote kwa sentensi tatu. Lakini ili ajitetee ingebidi aeleze ndoa ya picha, na geti lile pale, mlinzi yule pale anasikiliza, na viza ina nusu saa tu tangu itoke.

Hashimu akaliona hilo hilo. Aliinamisha kichwa.

"Ni kweli, mama," alisema. "Nimemwacha. Mimi ni mtu mbaya."

"Mbaya sana! Lipa uende!"

Akatoa noti moja, mfuko ukabaki mtupu umening'inia nje. Muuza soda aliipokea, akahesabu chenji kwenye kiganja, halafu akafunga kiganja, akamgeuzia mgongo, akaimimina yote mkononi mwa Zaitun.

"Hiyo ni ya kwako, mwanangu. Ya kuanzia. Yeye hana chenji hapa."

Hashimu alinyoosha mkono, akaurudisha. Alivuka barabara, mikono ya koti inamning'inia mpaka kwenye vidole, akaelekea upande wa Kisutu bila kugeuka. Watu wakampigia mluzi.

Zaitun alibaki ameshika pasipoti mkono mmoja na chenji mkono wa pili. Muuza soda alikuwa anampapasa bega, anamwambia ni mzuri, ni kijana, atapata mwingine mwenye akili. Ndipo akatazama kiganjani, akahesabu, akaelewa. Ile noti ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Hashimu. Alikuwa ameitoa ya kwake kulipia soda za wote wawili, na hii chenji ndiyo nauli yake ya kurudi Dodoma. Na alikuwa anaondoka bila kuidai.

"Mama, niache," alisema, akachomoka.

Alikimbia kati ya magari, viatu vya ofisini vikipiga lami, kanga imemtoka kichwani. Nyuma yake muuza soda alikuwa anapiga kelele, "Usimkimbilie! Usijishushe mwanangu! Rudi!" na watu wakageuka kumtazama mwanamke anayemkimbilia mwanamume aliyemwacha, na wengine wakamzomea na yeye. Kwa mbali aliiona suti ya kijivu inapinda kona. Alitaka kumwita, na kwa sekunde moja hakujua amwiteje, kaka, au bwana, au nini.

"Hashimu!" alipiga kelele katikati ya barabara. "Nauli yako!"